Mama Nionyeshe na Mtihani wa Wakufunzi

Ndugu, majirani, wakufunzi na wanafunzi mliokaa chini ya turubai hili, anayewasomea historia hii ni mdogo wake marehemu, fundi wa redio na pasi, ambaye shule aliiacha mapema kabla haijamwacha yeye, na kabla hajaanza anaomba ieleweke kwamba hakuna neno hapa aliloletewa na mtu, yote ameyashuhudia kwa macho yake mwenyewe, pamoja na yale yaliyotokea kabla hajazaliwa, kwa sababu mama alimsimulia vizuri mno hadi ikawa sawa na kuwepo.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, fundi wa mabehewa, na mama yetu, mshonaji wa sare za shule. Hakulia mpaka mkunga alipomfinya, na alipomaliza kulia alimtazama yule mkunga kwa jicho ambalo baadhi yenu mliozembea kazini mnalifahamu.

Elimu ya msingi aliipata kati ya mwaka 1970 na 1976, sekondari kati ya 1977 na 1980, na huko sekondari mwalimu wa sayansi alipowafundisha kuwasha taa ya spiriti kwa kuichora ubaoni, dada alinyoosha mkono akaiomba taa yenyewe, akatolewa nje kwa utovu wa adabu, akasimama dirishani akiendelea kuiomba. Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu 1984, akapangiwa wodi ya upasuaji, alikofanya kazi hadi 1991, na wagonjwa waliopita mikononi mwake walikuwa wakirudi kumsalimia hata wakiwa wazima, jambo ambalo kwa hospitali si la kawaida.

Tarehe 12 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa gari la wagonjwa, yule pale mwenye koti la kijivu, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mhandisi wa barabara, wa pili mwalimu wa hesabu, na kitinda mimba ambaye bado anatafuta anachokitaka na tunamwomba aharakishe.

Mwaka 1991 dada alihamishiwa chuoni kuwa mkufunzi, na mwaka 2006 akapelekwa masomoni kwa mwaka mzima kujifunza namna ya kupima kama mwanafunzi amejifunza kweli au amekariri tu. Aliporudi alipewa kitengo chake, chumba chenye dirisha la bustanini, na kazi ya kuwasaidia wakufunzi wenzake. Mtakumbuka mlivyonung'unika, kwamba madarasa yamejaa, kwamba muda hautoshi, kwamba huyu mama katuletea mzigo, naye akawa anakaa na mmoja mmoja, anamuuliza mwanafunzi wako akimaliza somo hili ataweza kufanya nini, na mkufunzi akijibu kwamba ataelewa, dada anamwambia hayo ya kuelewa hayaonekani, nionyeshe, na ndipo wanafunzi walipompa jina la Mama Nionyeshe. Aliwafundisha kumwambia mwanafunzi alipokosea wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha, si kumvizia mwisho wa mwaka kama mwizi, na kwamba nusu ya darasa ikianguka mahali pamoja, mkufunzi ajikague yeye kwanza.

Sasa tunafika kwa Mkuu wa Taaluma, mzee wetu aliyeketi mstari wa mbele, ambaye wanafunzi walimwita Kamusi kwa sababu alipenda majibu yarudi kwake neno kwa neno kama alivyoyatoa. Agosti 2009 dada aliwakusanya wakufunzi wote katika ukumbi wa chakula, akamtaka kila mmoja ajibu swali alilolitunga mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi, kisha karatasi zikabadilishwa bila majina na kila moja ikasahihishwa na watu watatu. Karatasi ya Kamusi, alimoeleza hatua za kumwekea mgonjwa dripu, ilipata thelathini na nane kati ya arobaini kwa mmoja, kumi na tano kwa mwingine, na wa tatu, Mungu ambariki, akampa nne. Kamusi akafoka kwamba aliyempa nne hajui kazi. Dada, kwa heshima zote, akamwomba basi azifanye hatua hizo kwenye mkono wa plastiki wa kufanyia mazoezi, na Kamusi akasimama akikunja mikono ya shati na kutabasamu, na sindano ikapita pembeni ya mkono ikazama kwenye kitambaa cha meza. Ukumbi ulicheka, mpishi akatoka jikoni kuja kuuliza kuna nini, akaelezwa, akacheka naye. Msomaji alikuwa mlangoni, ameleta vipaza sauti, na anasema kweli kwamba hajawahi kuona shingo ya mtu ikibadilika rangi namna ile.

"Mimi nafundisha, sitibu," Kamusi akasema.

"Ndiyo maana nakuuliza, Mkuu," dada akamjibu. "Hao unaowapima ndio watakaotibu. Unawapima kwa kutazama nini?"

Kicheko kile dada alikilipia. Januari 2010 kitengo kilifungwa, chumba cha dirisha akapewa karani, na dada akahamishiwa stoo ya vitanda vibovu, kiti chake kikiwa kigari cha wagonjwa kilichokosa gurudumu. Lakini wakufunzi walianza kumfuata hukohuko, mmoja akijifanya anatafuta meza, mwingine anatafuta ngazi, na kati ya vitanda vile wakawa wanaandika naye vigezo vya kila stadi, nini muuguzi afanye na mpimaji aone nini, mpaka kazi yote ikakamilika ikawa mwongozo mmoja. Mwaka 2014 wakaguzi walikuja, wakausifu kuliko kitu chochote walichokiona chuoni, na baada ya wiki chache ukachapishwa ukiwa na jina la Kamusi kwenye jalada na picha yake amevaa tai. Siku ya kuuzindua dada aliketishwa nyuma, karibu na birika la chai. Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi ya mlango, viatu hajavua, akamwambia shemeji kwamba cheo hakitaki na chumba hakitaki, anataka jambo moja tu, yule mtu asimame mbele ya wakufunzi aseme kazi ile ni ya nani. Hilo alilitaka mpaka anastaafu Machi 2023, na hakulipata.

Ila dunia nayo ina mitihani yake. Novemba mwaka huohuo Kamusi aliugua tumbo, akalazwa hana maji mwilini, na muuguzi wa zamu akawa ni mmoja ambaye dada alimzuia kwenye mazoezi ya vitendo na Kamusi akampitisha kwa sababu insha yake ilikuwa tamu. Msomaji alikuwa nyuma ya pazia akitengeneza feni. Binti yule alizitaja hatua zote kwa ufasaha, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja, huku akimchoma kifundo cha mkono, kisha kiwiko, kisha mgongo wa kiganja, na shuka ikabadilika rangi.

"Umesomea wapi wewe?" Kamusi akamuuliza, machozi yanamlenga.

"Kwako, Mkuu. Ulinipa tisini na mbili."

Kamusi alifumba macho, kisha kwa sauti ya mtu aliyeshindwa akaomba atafutiwe muuguzi yeyote aliyefundishwa na wale watu wa stoo, akaletwa kijana mmoja mpole, na dripu ikaingia mara moja. Dada aliposimuliwa alicheka mpaka akashika mlango.

Februari 2024 dada alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa, na hata akiwa kitandani aliwasahihisha waliomhudumia, wao wakamshukuru. Mwezi Mei Kamusi alikuja na mfuko wa machungwa, akaketi, akaomba msamaha, na marehemu kwa moyo wake mkubwa akamsamehe, wakashikana mikono. Tarehe 9 Juni 2024, saa kumi jioni, dada alitutoka, shemeji akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotandika mikeka na kuchota maji, na wakufunzi wote mliowahi kuingia stoo kutafuta ngazi. Kamusi pia ameomba kusema machache kwa niaba ya chuo, na hotuba yake tunaiona inachungulia mfukoni.

Kabla hajakaa, msomaji ana jambo moja la kusahihisha, maana yote aliyosoma ni kweli tupu isipokuwa ule msamaha, ambao aliubuni jana baada ya shangazi kumsihi tusitiane aibu mbele ya jeneza. Kamusi alipoomba msamaha, dada alimwambia ameeleza vizuri sana, sasa aende akafanye, asimame mbele ya wakufunzi aseme. Akaahidi Jumatatu. Jumatatu ikaja, akapata udhuru. Sasa, kwenye vigezo vya dada hakukuwa na neno la kufeli, mtu aliandikiwa kwamba ameweza, au kwamba bado, na siku moja kabla hajafariki msomaji alimuuliza je, Kamusi tumwandikie nini, naye akajibu bila kufumbua macho.

"Bado."

Wakufunzi wote wapo hapa leo, hakuna aliyekosa. Kipaza sauti msomaji anakiweka mezani mbele ya Kamusi, bila kukizima. Dada, pumzika kwa amani.