Kanisa Lilivyoniombea Niache Disko

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni taratibu tu, nitasikia. Na wale wa Iringa, kamwene. Nimechoka tangu mwaka jana, na ushuhuda huu nautoa nikiwa bado nimechoka, asije mtu akasema nilisubiri mpaka ninawiri.

Mimi ni kijana wa Kalenga, nina miaka kumi na tisa, nasoma chuo Mbeya. Nachukua Hisabati na Teknolojia ya Habari, mbili kwa pamoja. Siku nilipopata nafasi, bibi yangu aliyenilea alisimama kanisani akatangaza, "Mume wangu anakwenda kuchukua digrii mbili!" Huniita mume wangu, si mnajua utani wa bibi na mjukuu. Kanisa likapiga makofi. Ibada haijaisha, mzee mmoja wa kanisa ameshanikabidhi simu yake iliyokufa. "Itengeneze, profesa." Profesa! Hata kompyuta nilikuwa sijawahi kuiwasha.

Ndugu zangu, Idara ya Hisabati inaamini wewe ni wake peke yake. Idara ya Teknolojia nayo hivyohivyo. Asubuhi, baridi ya Mbeya imekukamata vidole, mhadhiri anajaza ubao hesabu ambazo hazina hata namba moja ndani yake. Mchana unakimbilia maabara ya kompyuta, unaandika programu, kompyuta inakujibu kwa mstari mwekundu. Hisabati wanakwambia kitu cha kwanza kwenye orodha ni namba moja. Teknolojia wanakwambia kitu cha kwanza ni namba sifuri. Sijatunga mimi! Ndivyo zile mashine zinavyohesabu. Ikifika jioni ukiniuliza nina viatu vingapi, nafikiria kwanza.

Na mimi ndiye mchekeshaji wa darasa. Niliwaigiza wahadhiri wote, hata yule anayefuta ubao kwa mkono wa shati. Watu walicheka mpaka machozi. Kumbe nilikuwa sielewi kitu, nikaogopa wakinyamaza watagundua. Bibi akipiga simu: "Masomo?" Namjibu, "Yanakwenda, bibi." Na kweli yalikuwa yanakwenda, ila yalikuwa yameniacha!

Matokeo ya muhula wa kwanza yakatoka. Sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Nikifeli hiyo, nadisko. Sisi wa vyuo ndivyo tunavyosema: kudisko ni kuondolewa chuo. Nikarudi Kalenga likizo, mwili umekwisha. Bibi alikuwa uani anapukuchua mahindi. Akaniangalia.

"Mbona umekonda hivyo, mume wangu?"

Siku hiyo sikutania. Nilikuwa nimechoka hata kudanganya. "Bibi, nipo karibu kudisko."

Mikono yake ikasimama kwenye gunzi. "Nani anakupeleka huko?"

"Kalkulasi, bibi. Na Aljebra."

Akaguna. "Wawili!" Akaendelea kupukuchua. Nikasema moyoni, afadhali, amelipokea vizuri.

Jumapili, wakati wa mahitaji ya maombi, bibi akasimama. "Wapendwa, mume wangu ametekwa na disko kule Mbeya. Wanaomvuta ni wasichana wawili, Kalkulasi na mwenzake Aljebra. Naomba mmwombee."

Ndugu zangu! Vijana wa sekondari wakajificha nyuma ya vitabu vya nyimbo. Mwinjilisti hakucheka. Akaniita mbele, akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito wa mtu anayelima, akakemea: "Kalkulasi, mwachie! Aljebra, mwachie kijana!" Na kanisa zima: "Mwachie!"

Nikawa nacheka kwa ndani. Halafu nikaona pa kutokea. Nikiri tu hilo disko! Nidondoshe chozi moja, niseme nimeacha, watu waimbe, na hakuna atakayejua nimefeli. Mcheza disko aliyeokoka ana heshima kuliko profesa aliyefeli, si ndiyo? Mdomo nikaufungua kabisa. Nikamwona bibi. Amefumba macho, anawakemea wale wasichana kwa nguvu zote alizobakiza, anapigana na watu ambao hawapo. Utani ukaniishia palepale.

"Sichezi disko," nikasema. "Kudisko ni kufukuzwa chuo. Kalkulasi na Aljebra ni hesabu. Nimefeli hizo mbili na somo moja la kompyuta, na nimewadanganya tangu nilipoondoka hapa."

Mwinjilisti akaondoa mkono. Bibi akafumbua macho.

"Kwa hiyo hakuna wasichana?"

"Hakuna, bibi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Maskini, mume wangu!" Kanisa likaangua kicheko, na mimi nikaangua kilio. Bibi akaja akanishika mkono. "Kaa chini. Umechoka."

Ndugu zangu, tangu nianze chuo hakuna aliyekuwa ameniambia neno hilo, maana hakuna niliyemruhusu aone.

Kesho yake Mama Upendo wa kwaya, ambaye anafundisha hesabu sekondari, akaniita kwake na madaftari. Alisoma kurasa tatu tu. "Wewe, mbona unaanza na sifuri? Swali limesema kuanzia moja!" Kumbe Hisabati nilikuwa naihesabu kikompyuta, na kompyuta naihesabu Kihisabati. Miezi yote ile! Akaniwekea utaratibu: kabla ya kila swali niandike pembeni nipo nyumba ya nani. H, naanza na moja. T, naanza na sifuri. Na hilo halikuwa kosa langu pekee, yalikuwa mengi. Wiki mbili nzima tuliyafuata moja moja, naye akayacheka yote bila huruma.

Nikarudi Mbeya nikafanya sapu zangu. Nimefaulu zote tatu, ndugu zangu! Si kwa kishindo. Kalkulasi nimevuka kwa kutambaa. Lakini sikudisko! Bado nimechoka, muhula huu masomo yameongezeka, na ile simu ya mzee bado ninayo, haijawaka. Ila bibi akipiga akauliza masomo, namwambia ukweli: "Wiki hii moja limenishinda."

Anasema, "Lipi hilo, nilikemee?"

Nalishukuru jina la Bwana. Bibi alielewa vibaya, kanisa likaomba vibaya, Mungu akasikia vizuri! Na wewe unayechekesha watu huku ndani umekwisha, usingoje upate maneno mazuri. Mwambie mtu mmoja, hata akielewa kombo. Mtumaini Bwana, yeye atanyoosha. Mimi leo nikitaka kuzihesabu baraka zangu, sijui nianze na sifuri au nianze na moja.

Naanza na bibi.