Bi Joha Kondo na Kipimajoto Kilichodanganya

Tarehe 30 Juni 2004, Bi Joha Kondo, fundi sanifu mkuu wa karakana yetu ya Mabwerebwere, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Aliajiriwa kusugua vyuma. Leo hakuna anayelijua tanuri letu kumzidi.

Wasomaji wa jarida hili wanajua tunachotengeneza: mabamba ya kuchemshia maji kwa jua, yenye tabaka jeusi la mirija ya kaboni myembamba kuliko unywele. Tabaka hilo huoteshwa tanurini kwa gesi. Mirija ikisimama wima na kusongamana kama mpunga, hunasa hata ile mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Joto la tanuri likizidi, huota masizi ya mabonge, na joto jingi hurudi lilikotoka.

Agosti 2001 karakana ilikuwa kwenye orodha ya kubinafsishwa au kufungwa. Wanunuzi wa mabamba, ambao oda yao ingeweza kutuokoa, walikuwa waje Mikumi siku ya Ijumaa, kuona bamba letu juu ya paa la nyumba ya wageni na kupokea majedwali yetu ya vipimo. Jumatatu mabamba yakatoka ya kijivu. Jumanne vilevile, ingawa Bi Joha alifuata majedwali yake: nyuzi mia saba na hamsini, dakika ishirini. Jumatano aliazima kipimajoto kingine, akavilinganisha vyote, akagundua kwamba kile cha zamani, tulichokibadilisha Julai, kilikuwa kikizidisha nyuzi thelathini. Mabamba yetu mazuri yote yalikuwa yameota kwenye mia saba na ishirini.

Alimwendea mkuu wetu, Ndugu Ditram, akamweleza kwamba vipimo vya miaka miwili vina kosa, na kwamba ndiye aliyevitia sahihi. Ndugu Ditram alimshauri wapeleke bamba la mwaka jana, wanyamaze.

"Ukisema, Bi Joha, watatufunga."

"Nisiposema, mkuu, watapewa majedwali yasiyootesha kitu."

Ijumaa, mbele ya wageni, alisema mwenyewe. Aliwasomea tarakimu zote mbili, ya kwenye majedwali na ya kweli. Wageni waliandika, wakashukuru, wakaondoka bila kusema kama watanunua.

Tulingoja wiki sita. Yassin wa stoo alianza kuulizia mashamba ya kukodi; wengine tuliacha kusalimiana vizuri. Kisha barua yao ikaja: wanaagiza mabamba arobaini, kwa sharti kwamba vipimo virudiwe chini ya usimamizi wa Bi Joha. Hata hivyo wenzetu wawili walipunguzwa mwaka ule. Hadi leo Bi Joha huuliza kama ni kwa sababu yake. Hatujui, na hatujawahi kumdanganya kwamba tunajua.

Majedwali mapya ndiyo tunayoyatumia. Tanuri sasa linabaki mikononi mwetu, na tunakiri tuna wasiwasi.

Bi Joha, asante kwa kusema siku ile ambapo sote tulitamani unyamaze. Kidete, unakokwenda kulima, ikupokee kwa baraka, mahindi yakukubali, na uishi miaka mingi ukiwa na afya na moyo mtulivu.

Editha, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako