Fundi Lyamba na Gari Namba 63

Leo, tarehe 30 Juni 1999, Mzee Cletus Lyamba anastaafu baada ya kuutumikia ushirika wetu wa tumbaku hapa Mpanda kwa miaka thelathini na moja. Anayeandika ni mimi, Elias Malale, dereva. Katibu alitafuta mtu mwenye kalamu nzuri. Nikamwambia kalamu ninayo, shule ndiyo iliyoishia darasa la nne.

Mzee Lyamba aliingia gereji yetu ya Shanwe mwaka 1968, akiosha spana kwa mafuta ya taa. Miaka sita haikupita, akawa Fundi Mkuu. Trekta likikohoa yuko ng'ambo ya reli, anakwambia ugonjwa wake kabla hujafungua boneti. Lakini huwezi kumwandika Mzee Lyamba ukaliacha lile gari.

Nyie vijana hamkulikuta. Lilikuwa Wartburg la Ujerumani Mashariki, gari la mashindano, namba 63 mlangoni. Wazungu wawili walipita nalo mwaka 1981 wakijizoeza njia mbovu. Gia boksi likawafia pale Misunkumilo, wakapanda treni, wakaliacha. Sijasikia mtu akisema liliwahi kushinda popote. Injini silinda tatu, inakunywa petroli iliyochanganywa na oili kama pikipiki, na moshi wake ulifukuza nyuki mizingani hadi Inyonga. Mzee Lyamba alichonga gia kwa vyuma vya trekta bovu, miezi minane, likawaka. Akang'oa kiti cha nyuma, akatandika godoro. Likawa gari la kubebea wagonjwa, maana sisi hatukuwa na jingine.

Usukani nikapewa mimi. Sijisifu, ila ukweli usemwe: kiboko aliyelala katikati ya njia alisikia nilivyoingia kona, akarudi majini mwenyewe.

Wale Wazungu walisahau ndani daftari la mishale na namba. Mzee Lyamba alilikodolea macho siku mbili, akasema, "Hawa walikuwa wanasomeana njia." Akachukua daftari la shule, akaiandika njia yote ya Inyonga kilomita kwa kilomita: kona kali kushoto, mchanga, ng'ombe hukatiza, daraja la magogo taratibu. Kila mvua kubwa ikipita, alipanda baiskeli akaenda kusahihisha kwa penseli. Safarini anakaa pembeni yangu, anasoma, mimi nakanyaga. Apollinarie wa mashine ya kusaga aliumwa na nyoka mguuni, tukamfikisha hospitali ya Mpanda, na mguu ule anautembelea mpaka leo.

Katibu aliponiomba wasifu hakuomba haya yanayofuata. Nayaandika hata hivyo.

Januari 1998, kwenye zile mvua za El Nino, tuliitwa Inyonga. Kabula, mke wa Luhende mfugaji, alikuwa na uchungu siku ya pili, mtoto amekaa vibaya. Muuguzi Specioza akasema, "Mpanda, sasa hivi." Tukamlaza kwenye godoro, Luhende akampakata kichwa, tukaondoka saa saba mchana.

Mzee Lyamba alikuwa ametoka kuikagua njia Jumapili iliyotangulia. Akasoma, "Daraja linalofuata limelika upande wa kulia. Simama, tushuke tuangalie."

Nikamwambia, "Mzee, funga hilo daftari. Njia hii naijua kuliko jina la mama yangu."

Akasoma tena, vilevile. Kabula alikuwa analia, na mimi nilitaka kusifiwa kwamba nimefika mapema. Tulipoyaona maji yamepanda juu ya magogo, Mzee alipiga kelele, "Elias, simama!" Nikakanyaga.

Upande wa kulia haukuwapo. Gari liliingiza pua mtoni. Luhende alimtoa mkewe kwa mikono yake. Kabula alifia ukingoni saa kumi, mtoto akiwa bado tumboni. Daftari lilikwenda na maji. Gari lilivutwa na trekta mwezi wa sita, na sasa bodi lake liko nyuma ya ghala, majani yameota mpaka juu ya usukani.

Kamati ya ushirika ilituita. Nikasema, "Hakunisomea. Alikuwa amesinzia." Luhende hakuulizwa, alikuwa kwenye matanga. Mwenyekiti akamgeukia Mzee Lyamba. Mzee akasema, "Andikeni anavyosema. Ana watoto sita, wangu wameshakua."

Basi akapewa barua ya onyo, akatolewa gereji, akawekwa getini. Mwaka na nusu, kila asubuhi, huyu aliyenifundisha kufunga nati alininyanyulia kizuizi nipite na lori. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba. Breki umeziangalia?" Kila asubuhi. Hakuwahi kusema jingine. Na mimi jioni, pale kwa Prisila kwenye pombe, nilikuwa nahadithia lile daraja kama vile nililiruka.

Alhamisi iliyopita nilikiona cheti cha leo. Kimeandikwa "Cletus Lyamba, Mlinzi". Nikaenda kwa Luhende, nikapiga magoti mbele ya zizi lake, nikamweleza kila kitu. Akasema, "Nilikuwa ndani ya gari, Elias. Nilisikia yote. Nilikuwa nasubiri kuona utakaa na uongo huo mpaka lini." Akarudi kwa ng'ombe wake. Hakunipa mkono, na sikustahili.

Kwa hiyo Mwenyekiti, kabla hujakabidhi cheti, naomba kiandikwe upya: Fundi Mkuu. Barua ile ya onyo itolewe kwenye jalada la Mzee, iwekwe kwenye langu. Leseni yangu iko mezani kwa Katibu. Polisi wakinihitaji, nipo hapahapa Shanwe. Mzee aliandika simama, akasoma simama, akapiga kelele simama. Dereva alikuwa mimi.

Mzee Lyamba, ushirika mzima unakushukuru kwa kazi ya mikono yako. Nenda kapumzike na mkeo, mama Generosa. Tunakuombea siku zilizobaki ziwe nyepesi kuliko mzigo niliokutwika.