Elinipa Wilfred, Aliyetusomesha Mikataba kwa Sauti

Ndugu waombolezaji, mimi Eliya, mjomba wa marehemu, ndiye niliyepewa kusoma wasifu wake, kwa sababu sauti yangu inafika Mlandizi bila spika, na anayebisha asogee nyuma.

Elinipa Wilfred alizaliwa tarehe 14 Machi 1995, Kisarawe, mtoto pekee wa dada yangu Eugenia na hayati Wilfred, siku hiyo alilia mpaka kuku wa wilaya nzima wakagoma kutaga, akaanza shule ya msingi hukohuko mwaka 2002, akamaliza kidato cha nne hapa Kibaha mwaka 2012, akili hizo alirithi kwangu, ingawa mimi niliishia darasa la nne, walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha.

Mwaka 2013 alianza kushona nguo Kongowe, na Desemba 2015 akaja wakala mmoja, kiatu kinang'aa unaweza kukitumia kama kioo cha kunyolea ndevu, akasema kuna kazi ya hoteli Uarabuni, dada yangu akaniambia, kaka, mwanamume uliyebaki ni wewe, tusomee huo mkataba, basi mbele ya watu nikaushika, nikakohoa, nikatikisa kichwa kama jaji, nikasema mkataba safi, hata mimi ningeenda. Ukurasa wa juu ulikuwa wa Kiingereza. Sikuelewa hata nukta. Elinipa akanyoosha mkono autazame mwenyewe, nikamwambia mtoto hakagui kazi ya mjomba wake, akasaini.

Aliondoka tarehe 12 Januari 2016, hoteli ikageuka nyumba ya watu kumi na wanne, mfanyakazi yeye peke yake, pasipoti ikafungiwa kabatini, maji ya kunywa kwa kipimo, akarudi tarehe 3 Novemba 2017 na mkoba wa mkononi na figo zilizochoka.

Tarehe 8 Juni 2019 alifunga ndoa na Adamu, wakajaliwa mtoto mmoja, Margareth, na hapa mtaani Picha ya Ndege wakaanzisha kikundi cha vijana wanaotafuta kazi nje, utaratibu wake mnaujua, hakuna kuondoka mpaka mkataba usomwe kwa sauti mbele ya wazazi, mstari kwa mstari, na nakala ya pasipoti abaki nayo mama. Kila mara Elinipa alinigeukia, "Mjomba, soma wewe," nami nasema miwani nimesahau, vijana mnapasuka, "Mjomba, hiyo miwani imehamia Dutumi!" Hakuwaambia kwa nini ananichagua mimi. Mpaka anakufa hakuwaambia.

Figo zilimlaza kitandani Agosti 2024, akafariki hospitalini tarehe 2 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka ishirini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliopika na kulala hapa, mafundi wenzake wa Kongowe, na nyinyi vijana wa kikundi.

Juzi Adamu alinipa ule mkataba, nikaufunua kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa tatu ni Kiswahili. Mstari wa sita unasema kazi ni ya ndani, na pasipoti atakaa nayo mwajiri. Kiswahili chepesi, dada Eugenia, cha darasa la nne, sikufunua kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Mwanahalima wa kikundi, wewe na wenzako wawili mnaoondoka Ijumaa, kesho leteni karatasi zenu hapahapa, nitasoma mimi, kurasa zote, polepole, chekeni mnavyotaka.

Pumzika, Elinipa, huko uliko hakuna wa kukushikia pasipoti.