Papa Cyrille na Ukuta wa Majina wa Kambi ya Zamani

Tarehe 31 Machi 1962, Bwana Cyrille Kalenga anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa kiwandani Shituru, karibu yote akiwa mpiga picha. Sisi wa kikosi cha kubomoa tumeombwa tuandike habari zake, kwa sababu kazi yake kubwa ya mwisho aliifanya mbele ya sururu zetu.

Alianza mwaka 1933 akimbebea Mzungu mmoja sahani za vioo za kamera. Mwaka wa tatu kamera ikawa mkononi mwake. Amepiga picha tanuru, mabehewa na nyuso zetu zote za vitambulisho. Mtu aliyefika kutoka Kasongo akiwa na vumbi la safari ya siku nyingi, Papa Cyrille alimpangusa uso kwa leso yake mwenyewe na kumfunga kifungo cha shati. Picha hizo tulizituma nyumbani, na mama zetu wakadhani tunakula vizuri.

Mwaka jana iliamuliwa kwamba kambi ya zamani ya askari, iliyokuwa tupu tangu fujo za askari za 1960, ibomolewe, matofali yake yajenge nyumba mpya. Kwenye ukuta mmoja, askari waliokwenda vita vya Abisinia mwaka 1941 walichonga majina yao kwa misumari. Mmoja wao ni Alexis, mume wa Mama Henriette anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele sokoni. Alexis hakurudi, na hakuna anayejua alizikwa wapi. Jina lile juu ya tofali ndilo mke wake alilobaki nalo.

Kupiga picha kambi ya jeshi wakati huu wa vita vya jimbo letu kujitenga si mchezo. Papa Cyrille aliomba kwa wiki tano ruhusa ya kupiga picha majina yale, wanajeshi wakampa asubuhi moja tu. Saa sita mchana sisi tungeanza kubomoa.

Alipofika, ukuta ulikuwa mweupe pe. Wajane waliowahi kuishi kambini walisikia kuna picha, wakafanya kama walivyozoea kila mkubwa alipokuja kukagua: walipaka chokaa alfajiri. Mama Henriette alisimama na brashi, amejaa fahari kwa kuwa wa kwanza kupaka.

"Papa Cyrille, utapiga picha kambi chafu namna gani? Minye njo nilianza kupaka!"

Kisha akatafuta jina la mumewe, asilione.

Papa Cyrille hakumkemea. Alivua koti, akachukua ndoo ya maji na kitambaa. Tukamfuata, nyampara wetu akipiga kelele: "Ba bwana, munabomoa ao munafua?" Chokaa ilikuwa bado mbichi, ikatoka juu ya matofali, lakini ndani ya herufi zilizochongwa ikabaki. Majina yakajitokeza meupe, hata yale ambayo hayakusomeka kwa miaka mingi. Papa alipiga sahani kumi na moja.

Saa sita tulibomoa. Kusema kweli, mikono yetu haikutaka.

Jumapili iliyofuata alimpelekea Mama Henriette picha ya jina la Alexis, kubwa kama sinia. Mama aliipitishia kidole herufi kwa herufi, akaiweka mezani, akawasha mshumaa. Ndipo akamlilia mumewe, baada ya miaka ishirini, na majirani wakaja kukaa naye kama msibani.

Papa Cyrille, asante. Nenda Kapolowe ukalime na mkeo, Mama Eugénie. Tunakuombea mvua ya kutosha, magoti yasiyouma, na amani ifike huko kabla yako.

Radjabu, kwa niaba ya kikosi