Nyota Iliyokaa Upande

Benchi lenyewe tulilipata kanisa la mtaa wa pili lilipobadilisha viti vyake, na tangu hapo limekaa nje ya duka langu hapa mjini Pontiac, mgongo ukutani, uso kwa jua la asubuhi. Ndani nauza rangi, brashi, gundi na maboksi ya magari ya plastiki ya kujiunganishia. Nje natoa kahawa ya bure, ndiyo maana wateja wangu wengi wako nje. Mimi wananiita Gundi. Bolti alikuwa fundi wa kiwanda cha malori mpaka alipostaafu, na bado anaongea kama anashindana na mashine. Redio aliendesha mabasi ya shule, na kwa nini anaitwa hivyo utajua mwenyewe akifungua mdomo. Wa nne wetu ni Emmett Tolliver, ambaye tunamwita Taratibu, maana anaweza kumaliza wiki nzima kwenye mlango mmoja wa lori lenye urefu wa kiganja. Wote watatu wanaunda kitu kimoja tu: malori ya zamani ya jeshi letu, yale ya magurudumu kumi ya Vita vya Pili. Vifaru hawavitaki. Ndege wanasema ni za watoto.

Asubuhi hiyo ya Oktoba Taratibu hakuwepo, na hakuwa ameonekana tangu wiki iliyotangulia. Lori lake lilikuwa juu ya rafu dukani, pale pale alipoliacha siku aliyolileta tulione. Kazi ya mwaka mzima, bwana. Kila springi, kila nati, hata kamba za turubai alizisokota mwenyewe. Kasoro ilikuwa moja, mlangoni: ile nyota nyeupe, alama ya jeshi, ilikaa upande, ncha ya juu ikitazama nyuma kama imesikia inaitwa. Redio aliicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Taratibu naye alicheka kidogo, nusu mdomo, akaaga, akaondoka bila kulibeba lori lake.

— Amenuna huyo, akasema Bolti. Na wewe Redio ndiye uliyemnunisha.

— Mimi? Nilisema nini mimi?

— Ulisema nyota imelewa.

— Sasa haikuwa imelewa? Hata Gundi alicheka.

— Nilikohoa, nikasema.

— Ulikohoa kwa furaha, basi. Sikilizeni niwaambie. Taratibu hajanuna. Taratibu yuko Ohio.

— Ohio kuna nini?

— Mashindano. Wale jamaa wa Ohio wana mashindano yao. Amekwenda kimya kimya ili tusimfuate.

— Amekwenda kushindana na nini, na lori liko hapa rafuni?

Redio akafikiri kidogo. Kushindwa hoja hakujawahi kumnyamazisha.

— Analo la pili. Hili alilotuachia ni la kutuzuga.

— Unatupiga fiksi, akasema Bolti. Mtu hawezi kuunda mawili ya namna hii. Mwenzetu kapata mwanamke. Nilimwona kanyoa ndevu vizuri, kavaa shati la vifungo.

— Taratibu? Kumsalimia tu huyo mwanamke kutamchukua mpaka Krismasi.

— Ndiyo maana haonekani. Bado anamsalimia.

Wakati huo alitoka Graciela, mwenye duka la mikate pale mlango wa pili. Alikuwa amelifungua wakati wa kiangazi, bado anatuzoea. Akasimama na sinia la mikate yake mitamu ya duara, kila mtu akachukua wake, akabaki pale akisikiliza.

— Nyinyi hamjui lolote, akaendelea Redio mdomo umejaa. Kuna tajiri mmoja. Hawa matajiri wanakusanya hivi vitu. Kaliona lori la Taratibu, kasema, nataka msafara mzima. Malori mia. Kamfungia hotelini na gundi yake, chakula analetewa, simu haruhusiwi.

— Simu ya mkononi hana hata akiruhusiwa.

— Unaona sasa, inakubaliana.

— Mimi naona serikali, akasema Bolti, na uso wake haukuwa wa utani hata kidogo. Ile kazi ilikuwa sahihi mno. Chini ya bodi kila mrija uko mahali pake. Mtu akiona vile anajiuliza, huyu kayajuaje haya yote? Ni siri za jeshi zile.

— Siri gani, Bolti? akauliza Redio. Lori la mwaka arobaini na tatu? Mjomba wangu alinunua moja kwenye mnada, akabebea ng'ombe.

— Na huyo mjomba yuko wapi sasa?

— Alikufa na miaka tisini, kitandani kwake.

— Ndivyo walivyokwambia.

Graciela alikuwa akicheka mpaka hapo. Akaliweka sinia tupu kwapani.

— Wazee wangu, samahani. Huyu mwenzenu kwani anakaa wapi?

Bolti akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Redio. Redio akatazama ndani ya kikombe chake.

— Upande ule, akasema mwishowe, akinyoosha mkono kuelekea karibu nusu ya mji.

— Mtaa gani?

Tulikuwa tumekaa na mtu huyu benchi moja tangu nywele zetu zilipokuwa na rangi. Nilijua anapenda sukari ngapi. Nilijua anachukia brashi za nailoni, na kwamba akiudhika anaanza kusafisha miwani. Hela alilipa taslimu, mzigo alichukua mwenyewe, na namba ya simu ya nyumbani sikuwahi kumwomba, kwa sababu alikuwa anakuja. Mtu anayekuja kila siku humuulizi anatoka wapi.

— Hajawahi kusema chochote kuhusu nyumba yake? akauliza Graciela. Chochote tu.

— Analalamikia treni, akasema Bolti polepole. Eti inatikisa meza. Vioo vya pembeni havibandiki mpaka treni ya mizigo ipite.

— Na njiwa, nikasema. Jirani yake anafuga njiwa.

— Basi kuna reli na kuna njiwa, akasema Graciela. Na gari lake mnalijua. Mnangoja nini hapa?

Nilifunga duka. Graciela akatufungia mikate kwenye mfuko wa karatasi, akasema yeye hawezi kuacha oveni. Tukaingia kwenye gari la Bolti, mimi mbele, Redio nyuma kapakata lori la Taratibu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu.

— Bolti, punguza mwendo, ekseli ya nyuma inalegea.

— Ekseli yangu ni mpya.

— Nasema ya hili nililopakata. Yako siijui wala siiulizi.

Tukafuata reli. Tulipita mitaa ya nyumba zilizozibwa mbao madirishani, tukapita uwanja mtupu kilipokuwa kile kiwanda cha malori, Bolti akapunguza mwendo pale kama anavyofanya siku zote. Redio nyuma alikuwa anaipapasa ile nyota kwa kidole. Halafu akasema:

— Kama amenuna kwa sababu yangu, nitaomba radhi. Lakini mnisaidie. Sijui huwa inaanzwaje.

Njiwa tuliwaona kwanza, juu ya paa la banda. Nyumba iliyofuata ilikuwa ndogo, ya mbao, rangi ya kijani iliyopauka, na pembeni pikapu ya bluu ya Taratibu imefunikwa majani makavu mpaka kioo cha mbele. Gari lile halikuwa limesogea siku nyingi. Tukashuka. Bolti akagonga. Tukasikia kitu kinaburuzwa sakafuni, kikisimama, kikiburuzwa tena.

Taratibu alifungua mlango akiwa ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto. Shavu moja lilikuwa limenyolewa vibaya, jingine halikunyolewa kabisa. Mkono wa kulia ulining'inia tu, na upande huo mdomo ulikuwa umeshuka. Akatutazama mmoja mmoja.

— Mmefikaje? akauliza. Maneno yalikuwa yanatoka mazito, kama yamelowa.

— Tumefuata reli, akasema Redio.

— Mngeuliza.

— Tungemuuliza nani? akasema Bolti.

Akafikiri, akatikisa kichwa, akatupisha mlangoni.

Alitueleza polepole, nasi tulijifunza siku hiyo kutommalizia maneno. Ilikuwa kiharusi. Binti wa dada yake alimkuta ameanguka jikoni, akampeleka hospitali, wakamrudisha na dawa na mtu wa mazoezi ya viungo anayekuja kumkunja mkono na kumkunjua. Mtu huyo alimwachia sponji ya kufinya. Sponji ilikuwa mezani, mpya kabisa.

— Ilianza lini? nikamuuliza.

— Siku ile. Asubuhi vifungo vya shati vilinishinda, vikachukua saa nzima. Nikabandika nyota. Nikaona imekaa upande. Nikaitoa, nikabandika tena, ikakaa upande. Nikasema, labda macho. Nikawaletea ninyi mtazame.

Redio alikuwa bado amesimama, lori mikononi.

— Na mimi nikacheka.

— Ulicheka.

— Mbona hukusema kitu, Emmett? Sikuwahi kumsikia Redio akimwita kwa jina lake.

— Nilitaka liwe kosa la nyota tu. Mlipokuwa mnaicheka, kwa dakika ile, lilikuwa kosa la nyota tu. Sikuchukia, Redio. Nilikuwa nakuombea uendelee.

Redio akaliweka lori mezani, akatoka nje. Tulimwona dirishani akiondoa majani kwenye kioo cha pikapu, moja moja, kwa mikono. Hakuna aliyemfuata.

Ndipo nilipoyaona yale maboksi mawili karibu na mlango. Vibano, brashi, visu, chupa za rangi, vyote vimepangwa humo.

— Hivyo ni vyako, Gundi, akasema Taratibu. Kauze.

— Duka langu halinunui vitu vilivyotumika.

— Tangu lini?

— Tangu sasa hivi.

— Sitanii. Hii kazi imekwisha. Nyota yenyewe siwezi kuinyoosha.

— Naweza kuitoa mimi nikabandika upya, akasema Bolti.

— Usiiguse.

Alilisema hilo bila uzito wowote ulimini, kama Taratibu wa siku zote, kisha akavua miwani kwa mkono wa kushoto na kuanza kuisafisha kwenye goti. Bolti akanikonyeza. Tukajua kidogo kidogo tutaelewana.

Basi tukahamia kwake. Kila siku nilipofunga duka tulikwenda na chupa ya kahawa na mikate ya Graciela, na Taratibu akakaa kwenye kiti chake akituamrisha jinsi ya kulimalizia lori lake, ambalo ekseli na kioo cha mbele vilikuwa vimelegea njiani. Bolti alikuwa haoni vizuri. Redio alikuwa na vidole kama viazi. Kioo cha mbele kilibandikwa na alama ya dole gumba katikati, tukakibandua, kikavunjika, nikaleta kingine.

— Hiyo ni gundi au ni uji? Taratibu aliuliza.

— Ulisema tone.

— Nilisema tone. Hapo umemwaga kikombe.

Maonyesho ya waunda magari madogo, ya kila Novemba, yalipita bila sisi. Redio alisema majaji wenyewe hawajui chochote, mmoja wao ni mtu wa ndege. Theluji ikaanguka. Sponji ikaanza kuchakaa, lakini mkono ulikuwa bado umelala mapajani.

Siku moja mwezi wa kumi na mbili tulifika kwenye matope. Lori lisilo na matope ni lori la dukani. Lazima liwe limetoka mahali. Redio alichanganya rangi ya kahawia na unga wa chaki, akaanza kuyapaka magurudumuni kwa uangalifu mkubwa, ulimi nje.

— Unapaka siagi, akasema Taratibu.

— Nifanyeje?

— Matope hayapakwi. Matope yanaruka.

— Yanarukaje, ewe bwana mkubwa? Nifundishe basi.

— Lete hapa.

Akaichukua brashi kwa mkono wa kushoto. Mkono ule haukuwa umewahi kushika brashi maisha yake yote, ukatetemeka, na kila ulipotetemeka matope yaliruka. Yaliruka kwenye springi, chini ya bodi, kwenye ngazi ya mlango, mazito hapa, membamba pale, jinsi gurudumu linavyoyatupa likiwa limezama na dereva bado anakanyaga mafuta. Nimeuza rangi maisha yangu yote na sijawahi kuona matope kama yale. Bolti alisogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kugusa.

— Hili lori limefika, akasema.

— Bado, akasema Redio, na uso umemchangamka. Hapa mlangoni, pembeni mwa nyota, pako safi. Ngoja niongeze kidogo.

Akanyoosha brashi yake.

— Acha, akasema Taratibu.

— Tone moja tu.

— Nimesema acha.

Na mkono wa kulia ukapanda kutoka mapajani. Ulipanda polepole, ukagonga ukingo wa meza, ukavuka, ukalala ubavuni mwa lori kati ya mlango na brashi ya Redio, vidole vimekunjika, umemzuia.

Yeye mwenyewe hakuuona. Alikuwa anamtazama Redio kwa ukali. Sisi watatu tuliuona. Redio akarudisha brashi yake nyuma, taratibu sana, akaiweka chini bila kutoa sauti.

— Sawa, akasema. Sawa, Emmett. Siongezi.

Bolti akaichukua chupa ya kahawa, akaitikisa, akakuta imebaki kidogo. Akaimimina yote kwenye kikombe cha Taratibu, akakisogeza upande wake wa kulia, karibu na ule mkono.