Mashuka Yasiyokauka: Risala ya Madobi wa Hospitali

Mgeni rasmi mheshimiwa, daktari wetu mkuu, wauguzi, na wagonjwa mliojikongoja hadi hapa kutusikiliza: pokeeni salamu za mikono iliyokunjamana kwa maji.

KARIBU

Umekuja kutufungulia lango jipya, na mvua haikukuzuia. Tumefurahi, maana sisi imetuzuia mengi.

TULIKOTOKA

Sisi ndio madobi wa hospitali hii. Tulianza na mabeseni na kamba ya katani, leo tuna mashine ya kufulia. Inafua vizuri, hatuisemi vibaya. Kukausha tuliachiwa jua.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwaka huu mawingu hayaleti dalili, yamehamia kabisa. Tukianika, inanyesha. Tukianua, jua linachungulia kama jirani mmbeya, kisha linajificha.

TULIYOYAFANYA

Hatukukunja mikono. Tumekausha kwa pasi, shuka moja moja, hadi mkubwa wetu, Mama Pasi, akafungwa bandeji kiganjani. Tukaanika jikoni, juu ya majiko. Hapo tulikosea. Wodi nzima ilinuka vitunguu vya kukaanga, na mzee mmoja aliyekatazwa kula kabla ya upasuaji akamwuliza muuguzi, "Mwanangu, mnanitesa makusudi?" Tulimwomba radhi. Amepona, lakini akituona bado anatununia.

YANAYOTUSHINDA

Mficha uchi hazai, na sisi tunawafulia wanaozaa. Maji yamezidi unga. Juzi mama mmoja alijifungua, na wodini hakukuwa na shuka kavu. Mtoto alifunikwa gauni la shangazi yake, naye shangazi akarudi nyumbani na koti la muuguzi. Mama yule alimwuliza mwenzetu, "Dada, hata kipande?" Hakikuwepo. Tuliumia, na tuliona aibu. Hatutaki kuulizwa hivyo tena.

OMBI

Tunaomba paa juu ya kamba zetu. Tupe mabati na nguzo. Mafundi ni waume zetu, na mashimo tutachimba wenyewe, hata kwenye tope hili.

Lakini paa halitajengwa leo, na hivi sasa wodini kuna akina mama wenye uchungu. Mheshimiwa, mapazia meupe yaliyoizunguka meza yako si mapambo. Ni mashuka ya wazazi. Chini ya hema hili ndipo mahali pekee penye upepo na pasipovuja. Daktari mkuu hakujua, asilaumiwe.

Mwenye hema atakuja kulikunja ukishaondoka. Tunakuomba umwambie aliache mpaka mvua ikatike. Na hotuba yako, kwa heshima zote, usiifupishe. Shuka lililo nyuma yako bado ni bichi.

Mungu akupe afya njema. Na ikitokea siku ukalazwa hapa, akulaze pakavu.

Ni sisi,
Umoja wa Madobi Tutaanika Tu